Mpiga Picha wa Hell-Ville

9 Novemba 1986, Jumapili

Picha ya Zaïtoun imefika leo. Imeletwa na mke wa nahodha mmoja, jirani yetu hapa Tsaramandroso, Mahajanga, ndani ya bahasha ya kaki, imebanwa kati ya kadi mbili ngumu isije ikakunjika. Mama alinawa mikono kabla ya kuishika. Aliitazama sana, akasema, "Huyu anapumua," kisha akanipa.

Zaïtoun mwenyewe nimemwona mara tatu tu, mwaka huu huu, nilipotumwa kisiwani Nosy Be kutengeneza majokofu ya hoteli moja. Anafanya kazi ya simu katika posta ya Hell-Ville. Nilikaa saa tatu nzima kwenye benchi mbele yake nikingoja laini ya Mahajanga, huku nikimwomba Mungu isipatikane. Baadaye wazee wakazungumza, na mwezi uliopita baba yake, mzee Hassane, akakubali. Harusi ni Aprili, kabla ya Ramadhani.

Basi hiyo picha. Wanawake wote ninaowajua, wakipigwa picha hutazama kama waliosimamishwa na polisi. Zaïtoun hatazami hivyo. Hajacheka, lakini kicheko kimeshafika mashavuni, kinangoja ruhusa tu, na macho yake yanamtazama mtu. Kamera haitazamwi hivyo. Nimeigeuza. Nyuma kuna muhuri wa wino wa buluu: Allaoui, mpiga picha, Hell-Ville.

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili cha babu yangu, kwa herufi zake za Kiarabu. Nyumbani tunasema Kingazija, mtaani Kimalagasi, kazini Kifaransa. Lugha hii imebaki hapa kwa maneno ya ibada na biashara tu, na dada yangu Ansoifa, aliyeolewa lakini bado anafungua kila droo ya nyumba hii, hawezi kuisoma. Faida yake ndiyo hiyo.

11 Novemba

Mvua ya kwanza. Mtambo namba mbili wa chumba cha baridi umegoma. Tumehamishia kamba wote wa kiwanda chumba cha tatu, mikono ikafa ganzi.

18 Novemba

Zaïtoun amepiga simu kazini saa sita, wakati laini haina watu. Katibu akaniita kwa kunionyesha meno yote.

"Baba amekwishamwambia fundi Allaoui aiweke tarehe yetu," alisema. "Apige yeye picha zote, za nikahi na za wanawake."

"Hakuna mwingine huko?"

"Wapo. Lakini fundi Allaoui akikupiga picha, husikii hata kamera ikilia."

Nikamwuliza kama mvua imeanza Nosy Be. Imeanza.

Tangu mchana nalirudia neno lile. Husikii kamera. Basi alikuwa akisikia nini?

23 Novemba, Jumapili

Nilimwambia Mama kwamba picha si lazima ziwe nyingi. Akaweka kisu chini, alikuwa anamenya muhogo.

"Elarif, baba yako alikuwa na uso gani?"

Nikasema ninaukumbuka.

"Wewe unaukumbuka. Watoto wako je?"

Nyumba yetu ya zamani ilipochomwa katika ghasia dhidi ya Wangazija, Desemba ya mwaka wa sabini na sita, picha zote ziliungua nayo. Dada yake Mama, mama mdogo Zalifa, aliondoka mwezi uliofuata na maelfu ya wengine kwenda Ngazija, na hajarudi. Sisi tulibaki. Ni miaka kumi sasa Mama hajamwona dada yake, na hana picha hata moja ya mumewe.

"Zalifa hawezi kuja harusini," alisema. "Picha ndizo zitakazomfikia. Nataka awaone watu wanaopumua. Huyo kijana wa Hell-Ville anajua."

Amejuaje kwamba ni kijana? Labda kasema tu.

30 Novemba

Nimefanya jambo la kijinga. Nimechukua ile lenzi ninayosomea namba ndogo za vipuri, nikaiweka juu ya jicho la Zaïtoun kwenye picha. Ndani ya mboni kuna dirisha dogo jeupe, na mbele ya dirisha umbo la mtu. Amesimama, mkono mmoja juu. Nimetazama jicho la pili. Yumo humo pia.

1 Desemba

Mkono ule ulikuwa unafanya nini juu?

2 Desemba

Mvua.

7 Desemba, Jumapili

Nimeamua harusi ipigwe picha na mtu wa Mahajanga. Ni haki ya upande wa mwanamume kuleta mtu wake. Nikaanza na Abdou, anayepiga picha kule Bord, ufukweni, kando ya wauza mishikaki. Ana kamera ya rangi, kazi yake ni nzuri, watu wanatokea kama walivyo. Nilikwenda na Ansoifa. Abdou akamwambia, "Dada, geuza shingo kidogo, usituonee kwa uzuri," na Ansoifa, mama wa watoto wanne, akacheka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu alipoolewa.

Abdou hafai.

14 Desemba, Jumapili

Nimevuka na feri kwenda Katsepy kumtazama mzee Mbaé, mpiga picha wa hapa mjini, akifanya kazi kwenye harusi ya wavuvi. Maji ya ghuba yamekuwa mekundu kwa udongo wa mto, mvua inatupiga ubavuni. Mbaé ana miaka sitini na zaidi, miwani minene, kikohozi. Siku za kazi huwapiga watu picha za kitambulisho. Pale harusini aliwapanga watu kwa urefu, kama chupa. Kila mara alipaza sauti, "Msitikisike!" nao wakakauka. Bibi harusi alimtazama kama mtu anayetazama ukuta.

Nimempenda Mbaé papo hapo. Nikampa tarehe.

16 Desemba

Ansoifa amenishika mlangoni.

"Kaka, umemwacha Abdou ukamchukua mzee Mbaé, aliyenipiga picha ya kitambulisho nikatoka kama maiti?"

"Ni mtu mzima, ana adabu."

"Unatafuta mpiga picha au unatafuta mlinzi?"

Nikaenda kazini bila chai.

3 Januari 1987

Simu. Nilikuwa nimejipanga maneno.

"Zaïtoun, Mama anapenda mpiga picha atoke huku kwetu."

Nikasikia mashine za posta zikilia nyuma yake.

"Mama yako ameniandikia kabla ya mwaka mpya," akasema. "Ananisisitizia fundi Allaoui. Barua ninayo hapa."

"Laini mbaya," nikasema. "Mvua."

"Laini ni safi, Elarif. Mimi ndiye ninayeishika. Sema sababu."

Nikarudisha simu mahali pake. Nimewahi kufungua mitambo yenye gesi ya sumu bila kukimbia. Leo nimekimbia simu.

5, 6, 7 Januari

Mvua. Mvua. Mvua, na umeme umekatika mara nne. Nalala juu ya godoro lenye unyevu nikimwona mtu aliyeinua mkono. Siku nyingine namfanya mrefu, siku nyingine na sauti nzuri. Juzi nilimfanya kipofu, nikapata usingizi.

10 Januari

Nimeandika barua kwa Allaoui. Nimeipiga kwa mashine ya ofisini wakati wengine wamekwenda kula, kwa Kifaransa, maneno machache: kwamba familia inamshukuru, kwamba mpiga picha mwingine amepatikana. Hapo ndipo ningeishia. Vidole vikaendelea. Nikaongeza: Bibi harusi mwenyewe ameomba usije.

Sikutia saini. Nikaandika tu "Familia ya bwana harusi" na anwani ya nyumbani. Nimempa dereva anayekwenda Ambanja, ili isipite posta.

Nimekula chakula cha jioni vizuri.

19 Januari

Mvua. Zaïtoun hajapiga simu tangu siku ile.

27 Januari

Hajapiga.

31 Januari

Barua kutoka Hell-Ville. Si ya Zaïtoun. Mwandiko wa mkono uliolala kidogo, wino mweusi. Nainakili hapa kama ilivyo:

"Kwa familia ya bwana harusi, salamu. Nimesikia, nami natii. Mwambieni huyo ndugu anayekuja kwamba nyumba ya mzee Hassane ina giza baada ya alasiri. Amweke bibi harusi karibu na mlango wa mashariki, umbali wa hatua mbili, na atundike shuka nyeupe upande wa pili ili mwanga urudi usoni. Asimwambie acheke. Akiambiwa acheke hufunga mdomo. Amwache azungumze. Mungu awabariki. Allaoui."

Nimeisoma mara sita. Anajua mlango wa mashariki. Anajua hatua mbili. Anajua kwamba akiambiwa acheke hufunga mdomo, jambo ambalo mimi, mchumba wake, silijui. Nilitaka kumkuta ni mtu mbaya, naye ananitumia ushauri.

Nimeificha barua chini ya boksi la vipuri. Sitamwonyesha Mbaé.

10 Februari

Yaliyotokea leo nayaandika pole pole.

Katibu aliniita saa sita na dakika chache. Safari hii hakucheka. Sauti ya Zaïtoun ilikuwa ya kazini, ile anayowaambia watu wangoje.

"Elarif. Fundi Allaoui alikuja kununua stempu mwezi uliopita. Hakunisalimia. Nimemfahamu tangu utotoni, hajawahi kunipita bila salamu. Nikaona kwenye bahasha jina la mtaa wenu. Nikanyamaza zaidi ya wiki mbili, nikijiambia hayanihusu. Jana nikaenda dukani kwake, nikamwuliza nimemkosea nini. Akasema, 'Hujanikosea. Umeomba nisije, siji.' Nikamwuliza, nimeomba lini? Akanionyesha barua."

Nikavuta waya wa simu mbali na katibu.

"Herufi t," akasema.

"Nini?"

"Herufi t ya mashine ya ofisi yenu imekatika mkono wa kushoto. Nina bahasha za barua zako ishirini na moja nyumbani. Kila moja ina t iliyokatika mkono."

Nikajaribu. Nilisema nilikuwa na homa, nilisema mvua, nilisema Mama. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Umeniwekea maneno mdomoni," akasema. "Sijawahi kumwambia mtu yeyote asije nyumbani kwetu. Na wewe umemwambia kwa mdomo wangu."

"Unataka kuvunja?"

"Siwezi kuvunja kwa simu, wasichana wa simu wa Ambanja wote wanasikiliza." Na kweli, nikasikia pumzi ya mtu mwingine kwenye laini. "Njoo huku. Utamwambia mwenyewe, mbele yangu, nani aliiandika. Baada ya hapo nitajua."

"Barabara zimekatika, Zaïtoun."

"Barua yako ilipita."

Akakata. Nilibaki nimeshika simu mbele ya katibu, nikasema "Haya, haya, wa salaam," kama mtu aliyeagwa.

Mama ameniuliza kwa nini sili. Nikamwambia mtambo.

12 Februari

Nimeomba ruhusa. Nimemwambia Mama nakwenda kuona mambo ya harusi. Akanifungia mikate ya mchele kwa safari na kusema nimsalimie kijana wa picha.

13, 14, 15, 16 Februari, njiani

Tope. Baada ya Antsohihy abiria wote tulishuka kusukuma gari. Viatu vyangu vya harusi, nilivyotaka kumwonyesha mzee Hassane, vimekwisha. Mwanamke mmoja mwenye kuku wawili aliniuliza nakwenda kwa furaha au kwa msiba. Nikasema sijui. Akanipa yai.

17 Februari, Nosy Be

Asubuhi Ankify, kwenye gati, mvua ya manyunyu. Boti ya injini ilijaa magunia na watu. Kila mwanamume aliyenisalimu "Mbola tsara" nilimtazama mikono, kama ni mikono ya kupiga picha.

Duka la Allaoui liko nyuma ya soko la Hell-Ville, chumba kimoja na pazia. Ukutani kuna nyuso za mji mzima: mahujaji, watoto wa komunio, mabaharia, wazee wawili walioshikana mikono. Nilizitazama zote kwa haraka. Ya Zaïtoun haimo. Nilipogeuka, alikuwa amesimama nyuma yangu.

Si kipofu. Si mzee. Ni mzuri wa sura, kuliko nilivyomfanya katika usiku wangu mbaya kuliko wote. Ana utulivu wa mtu aliyezoea kungoja wengine watulie.

"Wewe ni Elarif," akasema. "Kaa. Zaïtoun atatoka kazini saa sita."

Tukakaa. Aliendelea kukata kingo za picha kwa mkasi, sawasawa kabisa, bila rula. Mwishowe akasema, bila kuinua macho:

"Umekuja kuomba radhi au kunitazama?"

"Yote mawili."

"Basi nitazame kwanza, umalize."

Zaïtoun akaingia na shangazi yake, kanga ya lambahoany ya njano mabegani, mwavuli ukichuruzika. Shangazi akakaa mlangoni akitazama mvua, akijifanya haelewi. Zaïtoun hakukaa. Alinitazama viatu vyangu, kisha uso.

"Sema," akasema.

Nikasema. Kwamba barua ni yangu peke yangu. Kwamba yeye hakuomba kitu. Kwamba Mama hajui, wala mzee Hassane hajui. Nilisikia sauti yangu ikiwa ndogo katika chumba kile chenye nyuso nyingi.

"Kwa nini?" akauliza Allaoui. Hakuuliza kwa hasira. Hilo lilinichoma zaidi.

"Kwa sababu ya ile picha. Alivyokutazama."

Wakatazamana, wale wawili, na hata pale, nikiwa nimekuja kuomba radhi, moto ulinipanda mpaka masikioni.

Allaoui akaweka mkasi chini.

"Nitakwambia, kwa sababu umesafiri siku nne. Nilimchumbia Zaïtoun miaka miwili iliyopita. Alikataa, akanipa sababu, nami nikazielewa."

"Sababu gani?"

"Hizo si zako," akasema Zaïtoun.

Allaoui akaendelea. "Alipokuja kupigwa picha alikaa pale, mikono magotini, mkavu kama ubao. Nikamwuliza picha inakwenda wapi. Akasema Mahajanga. Nikainua mkono juu ya lenzi, hivi, nikamwambia, 'Basi Mahajanga ni hapa. Mtazame.' Ndipo akatazama hivyo." Akaushusha mkono. "Nilijua ninachokipiga. Ni kazi yangu kujua. Hakuwa ananitazama mimi."

Shangazi mlangoni alikohoa.

Nikamwomba aje. Nilimwomba kweli, kwa moyo, nikamwambia Mama yangu amepoteza nyuso zote za watu wake kwenye moto na anataka watu wanaopumua. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa.

"Ningekuja kama fundi. Ningepiga, ningekula, ningerudi nyumbani. Lakini sasa wewe utakuwa unanitazama mimi, na Zaïtoun atakuwa anakutazama wewe unavyonitazama. Mpiga picha akishatazamwa, kazi imeharibika. Tafuta mwingine."

"Nina mwingine."

"Nani?"

"Mzee Mbaé, wa Mahajanga."

Aliwaza kidogo. "Hamfahamu Zaïtoun," akasema. "Mpe ile barua yangu."

Zaïtoun alinisindikiza mpaka kona ya soko, shangazi hatua kumi nyuma. Mvua ilikuwa imepungua. Nikamwuliza kama amenisamehe.

"Sijui bado. Harusi ipo. Nilikuchagua mimi mwenyewe, sikuchaguliwa na mtu, na hilo sijalijutia mpaka sasa. Lakini usiniwekee tena maneno mdomoni, Elarif. Hata mara moja. Ukiwa na wivu, niambie, 'Zaïtoun, nina wivu.' Nitakucheka, basi, utapona au hutapona."

"Nina wivu," nikasema.

Hakucheka. Alisema, "Sasa hivi? Kwa lipi?"

"Kwa zile sababu ambazo si zangu."

Akafungua mwavuli akarudi posta.

24 Februari, Mahajanga

Nimerudi na homa ya kweli. Ansoifa anasema nimekuwa mweusi na mwembamba, nafaa sasa kupigwa picha na Mbaé.

1 Machi

Mvua.

8 Machi

Nilidhani mtu akishajua ukweli hupoa. Najua hakuna kitu kati yao. Najua kama ninavyojua gesi inapopita. Lakini nikiona mtu ana kamera begani, navuka barabara. Nimepata aibu, na wivu umebaki palepale, wamekaa pamoja kama wapangaji wawili.

15 Machi

Nimempelekea Mbaé barua ya Allaoui. Aliisoma kwa kuileta puani. "Huyu ananifundisha kazi?" akasema. "Mimi nilipiga picha magavana." Akaikunja akaikalia. Ana filamu mbili tu, na mpya hazipatikani mjini.

22 Machi

Simu. Zaïtoun ameniambia mzee Hassane amempelekea Allaoui kadi ya mwaliko kama jirani, mgeni wa kawaida. "Nakwambia mimi ili usiambiwe na mwingine," akasema.

"Atakuja?"

"Sikumwuliza."

Nimesema sawa. Nimesema vizuri sana. Kisha nimekwenda chumba cha baridi nikakaa humo mpaka nyusi zikaota barafu.

29 Machi

Mvua ndogo. Mbaazi zimeanza kukauka uani. Mama amemshonea Zaïtoun kanzu, kila siku anaifumua na kuishona upya.

5 Aprili

Tunaondoka kesho kwa meli ya pwani: Mama, Ansoifa na mumewe, mzee Mbaé na begi lake analolikumbatia kama mtoto.

11 Aprili, Jumamosi, Hell-Ville

Nimeoa. Alhamdulillahi. Mzee Hassane alinishika mkono, nikajibu vizuri, sauti haikukwama. Zaïtoun alikuwa karibu na mlango wa mashariki, hatua mbili kamili. Amejipima mwenyewe, nadhani. Shuka nyeupe haikuwepo. Mbaé akapaza sauti, "Msitikisike!" Hatukutikisika.

Allaoui sikumwona. Labda alikuja nikawa nimegeuka.

13 Aprili

Nimemwuliza mzee Hassane, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa. Kumbe Allaoui alivuka kwenda Ankify tangu Alhamisi, kuwapiga watu wa bara picha za vitambulisho. Hakuwepo kisiwani kabisa.

20 Aprili, Mahajanga

Tumerudi nyumbani, sasa tuko watatu chini ya paa. Zaïtoun ameomba kazi katika posta ya hapa, anangoja jibu. Asubuhi alimwuliza Mama unga uko wapi na Mama akamjibu, "Utafute mwenyewe, ni wako." Nimesimama uani nikasikiliza hilo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

3 Mei, Jumapili

Ramadhani imeingia. Mvua imekwisha, mbingu imekuwa ya juu na upepo mkavu unapita barazani.

Mzee Mbaé alileta picha alasiri. Hakukaa, akasema ana haraka, akaiacha bahasha juu ya meza. Zaïtoun akatandika mkeka, akazipanga zote chini, moja moja. Zimetoka ishirini na tisa. Nyingine ni nyeusi, nyingine zimekata vichwa. Zilizobaki ni safi kabisa na zimekufa. Zaïtoun amefunga mdomo katika kila moja, kama mtu aliyekuja kuomba kitambulisho. Ansoifa ana macho ya maiti. Mzee Hassane anafanana na mlingoti.

Nilijua. Tangu Katsepy nilijua, na ndilo nililolitaka. Nikaanza kumwambia Zaïtoun hivyo, lakini alikuwa ameinama, anavuta picha kutoka kwenye safu, moja, kisha nyingine, kisha nyingine. Akaziweka pembeni kumi na moja.

"Tazama," akasema.

Ni zile nilizomo. Nimekaa karibu naye, kofia sawa, kanzu imenyooka. Hapa mzee Hassane ameushika mkono wangu, na macho yangu hayako kwake. Hapa Mama ananibusu paji la uso, na nimeinama ili nisizibiwe kutazama. Hapa Zaïtoun, mke wangu, ameletwa mbele yangu kwa mara ya kwanza, wanawake wote wamenyanyua mikono kwa vigelegele, naye amenielekea mimi. Mimi nimeelekea upande. Katika zote kumi na moja natazama sehemu moja, kushoto, nje ya picha, kwenye mlango wa wageni, kwa shingo iliyokakamaa.

"Ulioa mlango," akasema Zaïtoun.

Nilingoja acheke. Hakucheka, wala hakukasirika. Aliichukua ile tuliyokuwa tumeelekezwa uso kwa uso, akaifuta vumbi kwa upindo wa nguo, akaiweka nyuma ya nyingine zote.

"Hakuja," nikasema. "Alikuwa Ankify."

"Najua. Aliniaga Jumatano."

"Nina wivu," nikasema.

"Nimekusikia," akasema, na akanisogelea kidogo kwenye mkeka, ila hakunigusa, ilikuwa bado mchana wa mfungo.

Mama akaja na miwani yake. Alitaka kuchagua ya kumpelekea mama mdogo Zalifa, kuna mtu anaondoka kwenda Moroni wiki ijayo. Alizishika moja moja, akazileta karibu na jicho, akazipeleka mbali, akazileta tena. Alipita kwenye yake, ile aliyonibusu, akarudi nayo. Aliipapasa kwa kidole, kutoka usoni mwangu mpaka ukingoni, kama mtu anayefuata uzi.

"Mwanangu," akasema, "Zalifa ataniuliza. Mlangoni alikuwa amesimama nani?"

Zaïtoun alinitazama, akaniachia jibu.

"Hapakuwa na mtu, Mama."